Bega Nyuma ya Kanga

1

Mzee Mwakatobe alikataa matibabu kwa miaka miwili, akilala ameketi kwenye kiti kama mlinzi wa ghala. Siku alipokubali, alikuja na sharti lililowaacha watu wa Kituo cha Mabega vinywa wazi. Alitaka sindano achomwe na mkamwana wake.

"Hebu rudia," alisema Atuganile, ambaye ndiye mkamwana mwenyewe.

Mwalwisi alifunga mlango nyuma yake. Wao wawili ndio waliokuwa wasomaji wa mabega wa Tukuyu nzima, na kazi ya asubuhi ile ilikuwa ya Mwalwisi. Walikuwa wamepanga hivyo makusudi.

"Nimemwandalia kila kitu, dada. Ganzi ipo, jeli nimeipasha moto, kitanda nimekishusha. Mzee kanitazama juu mpaka chini. Kamwambia mkewe, mkewe kaniambia mimi, na mimi nimesimama palepale nasikia yote: kijana huyu hana ubaya, ila namtaka yule wa kwa Gwamaka. Sasa wa kwa Gwamaka ni nani kama si wewe?"

"Anajua mashine inaonyesha nini?"

"Kauliza mwenyewe, kupitia kwa mama. Kauliza atakayesoma ataona yote? Nikamjibu ataona yote. Akasema basi, ndiyo maana."

Atuganile aliendelea kunawa mikono, ingawa ilikuwa imetakata zamani.

Kwa mgeni, jambo hili lingeonekana dogo. Mzee anaumwa, mkamwana ni mtaalamu, amtibu basi, kelele za nini? Lakini katika ukoo wa Mwakatobe mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye wala hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayeacha njia. Anaingia pembeni, anajifunika kanga kichwani, anampa mzee kisogo na kuchuchumaa mpaka apite. Mzee naye hamwiti kwa jina, hata nyumba ikiungua. Koo nyingi za Rungwe zilikwisha kuyaacha hayo. Watu walipanda magari yasiyo na dereva kwenda Mbeya, walipikia umeme wa mvuke uliovutwa kutoka tumboni mwa mlima, na wakwe walikaa sebule moja wakigombania rimoti. Kwa Mwakatobe, mila ilisimama palepale. Atuganile aliolewa pale akiwa na stashahada yake ya utrasaundi na mapenzi yake kwa Gwamaka, na mwanzoni kule kuchuchumaa migombani akiwa na koti jeupe la kazi kulimchekesha. Jioni alimsimulia mumewe, wakacheka wote wawili.

Kicheko kilikoma masika ya mwaka juzi, walipompoteza Bupe.

Bupe alikuwa na miaka minne na maneno ya mtu mzima. Siku ile walikuwa wanatoka kanisani, mama na mtoto, wakifuata njia ya mkato inayovuka mto Lusyelo kwa daraja la magogo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na mto umefura. Walipokaribia, Atuganile akamwona baba mkwe anaingia darajani kutokea ng'ambo. Akafanya alivyofanya siku zote. Mtoto hakuwa na mwiko wowote na babu yake, babu alikuwa mali yake, kwa hiyo mama alimwachia mkono.

"Nenda kamsalimie babu," alimwambia, kisha akaingia migombani, akajifunika na kugeuka.

Alisikia mtoto akiita "Babu!" Akasikia anaita tena, na tena, juu ya kelele za maji. Atuganile alitabasamu ndani ya kanga yake, akijua jinsi wale wawili wanavyofanyiana vituko. Alisubiri mzee apite. Mbele ya macho yake palikuwa na mkungu wa ndizi, na aliwaza kwamba hadi Pasaka utakuwa umekomaa. Mzee hakupita. Alipogeuka hatimaye, kwa woga wa kuvunja mwiko na woga mwingine asioujua bado, alimwona amelala kifudifudi juu ya magogo, mkono wa kulia umening'inia kuelekea majini. Mkononi hamkuwa na kitu.

"Ameniponyoka," mzee aliwaambia watu waliokuja mbio. Aliwaambia wao, si yeye. Tangu siku ile hakuongeza neno, na kabla matanga hayajaanuliwa bega lake lilikuwa limeanza kuganda.

Miaka miwili Atuganile alilala na kuamka na swali moja. Alimshika kweli? Au alisimama kama gogo, akashtuka wakati maji yamekwisha kumchukua mtoto? Hakukuwa na shahidi mwingine, na mtu pekee aliyejua ndiye mtu pekee ambaye hakuruhusiwa kumuuliza.

"Ukitaka nitamwambia umekataa," Mwalwisi alisema.

"Hapana," alisema Atuganile, akafuta mikono. "Nitamsoma."

2

Zamani bega kuganda lilikuwa ugonjwa wa wachache: wenye kisukari, waliovunjika, wanawake wa makamo. Kisha mashamba ya chai yakaleta mikono ya chuma, ile inayovaliwa begani kama koti na kuchuma kuanzia alfajiri bila kuchoka. Mkono wa chuma hauchoki, anachoka mwenye bega. Kizazi kizima cha Rungwe kikajikuta hakiwezi kuchana nywele wala kuvaa shati bila kusaidiwa. Mfuko laini unaozunguka kiungo cha bega ulivimba, ukasinyaa, ukaota kovu juu ya kovu, na maumivu yake yaliwatoa machozi wanaume wenye ndevu. Ndipo Kituo kikafunguliwa.

Dawa yao iliitwa mlegezo, na haikuwa ya kuchomwa kwa kubahatisha. Kovu la bega hujengeka kwa tabaka, kama chokaa kwenye nyumba inayopakwa kila Krismasi, na kila tabaka huganda likiwa limevutika kufuata kazi mkono uliyokuwa ukiifanya wakati ule. Msomaji huweka kichwa cha utrasaundi begani. Mawimbi ya sauti hupenya tabaka moja hadi jingine, na mashine huigeuza ile mivutiko kuwa mwendo. Kwenye kioo huonekana kivuli cha mkono kikirudia ulichofanya, na chini yake mstari unaopanda na kushuka kuonyesha uzito ulioshikwa. Asiposoma kwanza, anaweza kulegeza kovu pamoja na kano zinazolishikilia bega, na mkono ukabaki unaning'inia maisha. Akishasoma, anachoma. Mlegezo huyeyusha tabaka la juu kwanza, kisha la chini yake, na kila tabaka linapoyeyuka mkono hurudiwa na mwendo wake kwa mara ya mwisho. Wagonjwa husema unausikia kabisa, kama jambo lenyewe linatokea sasa. Watu wa Kituo waliita hali ile kuaga.

Na mashine haikuhifadhi kitu. Mwanzoni ilihifadhi, mpaka wasimamizi wa mashamba walipoanza kusoma mabega ya wachumaji ili wajue nani alipumzika bila ruhusa. Ukazuka ugomvi mkubwa, sheria ikapitishwa. Tangu hapo kinachosomwa huonekana kwenye kioo kwa muda ule tu, na hukaa ndani ya nyama ya mwenyewe. Kikishayeyushwa hakipo tena popote duniani. Msomaji naye hula kiapo kwamba alichokiona hatamwambia mtu.

3

Bibi Subilaga, mama mkwe, alikuwa amekuja na kanga yake ya kijani, maandishi yake yamefifia kwa kufuliwa. Aliitundika mwenyewe kati ya vyuma viwili vya kutundikia maji ya dripu, pembeni mwa kitanda. Kisha akaomba mkasi, akapima kwa macho, akaipasua mahali bega la mumewe lilipokuwa nyuma yake. Alifanya hivyo bila kusita, na Atuganile, aliyejua jinsi mama yule anavyozitunza kanga zake, alishikwa na simanzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Bupe. Karibu, mwanangu. Mgonjwa wako huyu."

Hakuna aliyekuwa amebadilisha jina lile. Mtoto alikuwa amekwenda, lakini ukweni bado aliitwa Mama Bupe, na kila mara lilimchoma. Jina lake mwenyewe halikutamkwa na yeyote pale isipokuwa Gwamaka, tena wakiwa chumbani.

Bega likajitokeza kwenye tundu la kanga. Lilikuwa limekonda, misuli imesinyaa, ngozi imeshikana na mfupa. Atuganile aliyashika mabega ya watu kila siku bila kuwaza, lakini hili alilitazama kwanza kama kitu cha moto. Alivaa glavu, akapaka jeli, akaweka kichwa cha mashine. Upande wa pili wa kanga mzee alivuta pumzi kwa nguvu.

"Mwambie asijikaze," alisema Atuganile.

"Anasema usijikaze," Bibi Subilaga alimwambia mumewe.

"Sijajikaza."

"Anasema hajajikaza."

Wote watatu walikuwa wanasikilizana vizuri kabisa. Kanga haizuii sauti. Lakini bibi aliyapokea maneno upande huu na kuyafikisha upande ule kwa makini ya tarishi aliyekabidhiwa barua ya serikali. Siku nyingine Atuganile angekuwa na cha kumsimulia Gwamaka jioni.

Kioo kikawaka. Tabaka za juu zilionyesha maisha ya mtu mwenye mkono mmoja: kivuli kimebanwa ubavuni, mkono unachukuliwa na mkono mwingine kuingizwa kwenye shati. Lakini katikati ya hayo palikuwa na kitu kingine. Kivuli kilijaribu kunyooka mbele, kidogo tu, kadiri bega lilivyoruhusu, kisha vidole vikafumba. Tabaka la chini yake lilikuwa hivyohivyo, na la chini ya hilo pia. Alidhani mashine ina hitilafu, akaizima na kuiwasha. Mwendo ulikuwa uleule.

"Mama, baba usiku analalaje?"

"Halali usingizi, anapigana nao," alisema bibi kwa sauti ya chini. "Anaweweseka. Mkono unamruka, kisha anaamka analia kwa maumivu. Dawa za kutuliza nampa, anazitupa. Mimi nilikwisha kusema mtu huyu anajiadhibu, wakasema nazeeka."

Chini ya yote palikuwa na tabaka moja nene na jeupe. Atuganile alilijua kabla mashine haijalisoma. Kama kivuli kingechelewa hata kidogo, angejua. Alikuwa amelisubiri jibu hili miaka miwili, na sasa aliliogopa kama mtoto anavyoogopa giza. Akabonyeza.

Kivuli hakikuchelewa. Kilitupwa mbele kwa ghafla, mkono wote umenyooka, mkono wa mtu aliyejirusha chini kifudifudi bila kuwaza magoti wala meno yake. Mstari wa uzito ukaruka juu. Alikuwa amemshika.

Alimshika! Atuganile alisikia kitu kinafunguka kifuani, na machozi yakamtoka hapohapo. Hakusimama kama gogo. Alimshika mwanangu.

Lakini mstari haukushuka. Ulikwenda mbele, umebeba uzito ule, na juu yake palikuwa na mitetemo midogomidogo. Ilimchukua muda kuelewa ni nini. Ilikuwa ni Bupe. Ni mtoto aliyening'inia mkononi mwa babu yake akirusha miguu, akijivuta, akiwa hai. Kiwiko cha kivuli kilikunjika, kikampandisha kidogo, kikateleza. Kikakunjika tena, kikateleza tena. Mtu angeweza kusema Baba Yetu Uliye Mbinguni pole pole mpaka amina, na mstari bado unakwenda. Kisha bega likachanika, mchaniko ulionekana wazi kwenye kioo, na hata baada ya kuchanika mkono haukuachia. Uliendelea. Halafu uzito ukatoka, wote kwa mara moja.

Furaha ya Atuganile ilikufa pale pale. Alimshika muda wote huo. Na yeye, mama mtu, alikuwa wapi? Alikuwa migombani, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kumrushia kijiwe na kumpata, anawaza mkungu wa ndizi. Mtoto anaita babu, babu, babu, naye anatabasamu. Mikono minne ingemtoa mtoto yule. Mzee alikuwa na muda wa kuita, na hakuita.

Aliondoa kichwa cha mashine begani.

4

Mzee akasema kitu kwa sauti nzito, na Bibi Subilaga akageukia upande wa mkamwana wake.

"Anauliza kama umeshaona."

"Mwambie nimeona."

Safari hii bibi hakuhitaji kupeleka. Mzee alishaanza kusema, akisimama kila baada ya maneno machache ili mkewe ayapokee.

"Mwambie, nilidhani nitamtoa mwenyewe."

"Anasema alidhani atamtoa mwenyewe."

"Kila nikimvuta naona, sasa, sasa nampata. Mwambie nilijua yupo pale. Niliiona kanga yake."

"Anasema alijua upo. Aliiona..." Bibi alisita. Alikuwa anaanza kuelewa anabeba barua gani.

"Mwambie jina lake lilikuwa hapa mdomoni. Nikalimeza."

Bibi Subilaga hakulifikisha lile. Alikaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa viganja. Alikuwa amelala karibu na siri hii miaka miwili, akikanda bega lake kwa maji ya moto, na mtu yule hakumwambia. Hata yeye. Mzee alikuwa amelitunza neno kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hakuruhusiwa kumwambia, mpaka aliposikia kwamba ipo mashine inayoweza kusema badala yake.

Mzee alisubiri kidogo. Aliposikia mkewe yu kimya, aliendelea hivyohivyo, kana kwamba bado kuna mjumbe.

"Mwambie sindano iko mikononi mwake. Akitaka achome. Akitaka kuniacha hivi nilivyo, nitarudi nyumbani, na hakuna mtu atakayemlaumu. Nimemaliza."

Atuganile alitoka nje ya chumba. Kwenye korido alimkuta Mwalwisi anajifanya kupanga chupa ambazo zilikwisha kupangwa.

"Vipi, dada? Kano zimo ndani ya kovu?"

"Hazimo. Kovu liko peke yake. Linachomeka."

"Basi mbona umetoka?"

Kiapo ni kiapo. Aliegemea ukuta, akafumba macho. Hasira ilikuwepo, tena ya moto. Jina! Neno moja tu. Mtu mzima anang'ang'ania heshima na mtoto ananing'inia. Angeweza kuvua koti, akaenda zake, akamwacha na bega lake mpaka kaburini. Mzee angestahili.

Lakini haikuwa hasira iliyomshika miguu pale koridoni. Ilikuwa ni ile mitetemo kwenye mstari. Picha za Bupe alikuwa nazo, sauti yake pia, akiimba na kuuliza maswali. Uzito wake hakuwa nao. Popote duniani uzito wa mtoto yule haukuwepo tena, isipokuwa ndani ya bega lile. Angeweza kumwambia mama mkwe, kwa lugha ya kitaalamu ambayo hakuna mtu angeibishia, kwamba kovu bado bichi, mzee arudi mwezi ujao tumsome tena. Na mwezi mwingine. Nani angejua? Mzee mwenyewe asingepinga. Angekuwa anakuja, anatoa bega lake kwenye tundu la kanga, na mama angekuwa anamwangalia mwanawe anarusha miguu. Wazo lilikuwa tamu kiasi cha kumtia kizunguzungu, na alijua kabisa kwamba ni wizi.

Alirudi ndani. Bibi alikuwa bado amejifunika uso. Atuganile aliweka tena kichwa cha mashine begani, akasoma tabaka lile nene upya. Alisema moyoni ni mara moja tu, kisha akasoma tena. Kivuli kikajirusha, uzito ukaja, miguu midogo ikarushwa. Safari hii aliutazama na mwisho wake, uzito ulipotoka, na akaona alichokuwa hajakiangalia. Mkono haukurudi. Ulibaki umenyooka, vidole vimefumba, na tabaka zote za juu, usiku hadi usiku, zilikuwa zimegandia juu ya mkono ule ule ulionyooka. Mzee naye alikuwa anamtembelea Bupe. Alimtembelea kila usiku, akamshika, na kila usiku akaponyokwa upya. Hivyo ndivyo angekuwa yeye, mwezi baada ya mwezi, mbele ya kioo.

Na mtoto je? Walimzika, mchungaji akasoma, watu wakaimba. Lakini hapa ndani alikuwa bado ananing'inia juu ya maji, miaka miwili sasa, mmoja amemshika na mwingine amempa kisogo, na hakuna aliyekuwa tayari kumwacha alale.

"Pole, mwanangu," Atuganile alisema kwa sauti ndogo, na haikuwa wazi hata kwake mwenyewe alikuwa anamwambia nani. Akafungua kichupa cha mlegezo.

5

Alichoma ganzi kwanza. Kisha akashika sindano ndefu kwa mkono wa kulia na kichwa cha mashine kwa mkono wa kushoto, macho kwenye kioo. Sindano ilionekana kama mstari mweupe ukishuka kando ya mfupa, ukapenya mfuko wa bega pale palipokuwa panene. Akasukuma. Mlegezo ulitandaa mweusi kati ya tabaka, na mfuko uliokuwa umejikunyata ukaanza kufumuka. Ilikuwa kazi nzuri. Mwalwisi mwenyewe asingeifanya vizuri zaidi, na Atuganile hakuifurahia hata kidogo.

Baada ya sindano, sharti mkono uinuliwe wakati tabaka zinayeyuka, la sivyo kovu linashikana upya. Mgonjwa hulala chali, na msomaji huuchukua mkono wake, akaupandisha kupita kichwa huku akiuvuta. Kwa bega, kulala chali na mkono kupita kichwani ni sawasawa na kulala kifudifudi na mkono kunyooka mbele, juu ya magogo, kuelekea majini. Atuganile alilijua hilo toka chuoni. Alikuwa hajawahi kuliwaza.

Alikifunga kichwa cha mashine begani kwa mkanda, akaingiza mikono yake kwenye tundu la kanga, akaushika mkono wa baba mkwe. Bibi Subilaga alifunua uso, akaona, wala hakumzuia.

Mkono ukaanza kupanda. Tabaka za juu ziliaga moja moja: mkono unaingia kwenye shati, mkono unabanwa ubavuni. Zikaja zile za usiku, na kila moja ilimfanya mzee agune na vidole vyake vifumbe na kufumbuka. Atuganile aliendelea kuvuta, pole pole. Jasho lilimtiririka. Kwenye kioo hapakuwa na kitu tena isipokuwa lile tabaka la mwisho, nene, jeupe, ambalo kingo zake zilikuwa zimeanza kulainika.

Alivua glavu ya mkono wa kulia kwa meno. Akaweka kiganja chake kitupu ndani ya kiganja cha mzee, akavuta, kama tiba inavyotaka. Uzito ukaja.

Vidole vya mzee vikamkamata. Vilimkamata kwa nguvu ambayo hakuna mtu angeitegemea kwenye mkono uliokonda vile, mpaka mifupa ya mkono wake ikauma. Nyuma ya kanga mzee alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Mstari kwenye kioo ulipanda, ukanyooka, na ndani yake ile mitetemo midogo ikaanza, kwa mara ya mwisho. Atuganile aliitazama yote. Hakupepesa.

"Atuganile!"

Haikuwa sauti ya mgonjwa kitandani. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita juu ya kelele za maji, kwa pumzi yake yote. Huko koridoni kitu cha chuma kilianguka kutoka mkononi mwa Mwalwisi. Bibi Subilaga alisimama, mkono kinywani. Katika miaka yote ya ndoa ile hakuna aliyewahi kusikia jina lile kutoka kwenye mdomo ule.

"Atuganile! Atuganile, njoo! Njoo tumshike!"

Mama Bupe aliivuta kanga kwa mkono uliokuwa huru. Vyuma vikayumba, kanga ikaanguka sakafuni, na kwa mara ya kwanza akamtazama baba mkwe wake usoni. Alikuwa mzee tu. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, mashavu yamelowa, na alikuwa na kidevu kilekile cha Bupe.

"Abee, baba!" aliitikia kwa sauti ya juu, ili isikike ng'ambo. "Nakuja. Nimefika. Nimeshafika."

Akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Kwenye kioo mstari wa uzito ulianza kushuka, taratibu safari hii, mpaka ukalala, na hapakuwa na cha kusoma tena. Mkono wa mzee ulikuwa umeinuka wote, laini, bila maumivu, na kwa muda mrefu hakuna aliyeuteremsha.